Maneno Niliyopeleka Chwele

Ijumaa, 5 Agosti 1955. Kibomet, Kitale.

Shule ilifungwa jana. Mwalimu ametaka kila msichana wa darasa letu aandike shajara ya likizo kwa Kiswahili, hata kama siku nyingine ni mstari mmoja. "Andikeni mlichoona," alisema, "msiniandikie ndoto." Haya, nimeona. Baba alikuja kunipokea akiwa amevaa shati lisilo na kifungo cha juu. Nyumbani sufuria zimepangwa sakafuni kwa ukubwa, na hiyo ni kazi ya ndugu yangu Mukhisa, ambaye ana miaka kumi na moja na hapendi kitu kikae ovyo. Wilkista, mdogo wetu wa miaka mitano, ana kovu jekundu mkononi kutoka kiwiko hadi kiganja. Alimwagikiwa uji wa moto mwezi wa Juni. Baba alikuwa Tororo na lori la mahindi la Bwana, Mzungu aliyemwajiri, mimi nilikuwa bwenini, na hapakuwa na mtu mzima nyumbani. Mukhisa alimpaka samli, akambeba mgongoni mpaka zahanati.

Mama alifariki Mei kwa homa ya mapafu. Mto ulikuwa umechukua daraja na hapakuwa na njia ya kumpeleka nyumbani, akazikwa makaburi ya hapa mjini. Nilipofika udongo ulikuwa umeshafukiwa. Sijalia mpaka leo. Wasichana bwenini walinitazama wakingoja nilie, mwishowe wakachoka, wakalala.

Jumamosi, 6 Agosti.

Mvua. Nimefua mablanketi, hayajakauka.

Jumapili, 7 Agosti.

Kanisani akina mama walinishika mikono wakaniambia sasa mimi ndiye mama wa nyumba. Nikasema asante. Mmoja akaniuliza kama nitarudi shule kweli. Nikasema asante pia, kwa kuwa nilikuwa sijamsikia vizuri.

Jumatatu, 8 Agosti.

Baba ametangaza safari. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Bwana amenipa boksi bodi, ile pikapu yake," akasema. "Anataka mbegu ya viazi kutoka Kapsokwony. Tutaenda wote. Tupitie mlimani, tuone Rotich, tushuke Chwele tusalimie nyanya yenu, halafu Bungoma kwa dada yangu, Senge Sellah."

Mukhisa aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kizingiti. Hajawahi kupanda mlima na gari. Mimi nilimwuliza Baba tutakaa muda gani, nijue nguo za kufungasha. Akasema, "Funga zote."

Nimefunga zote.

Jumanne, 9 Agosti.

Mvua. Baba amekaa chini ya gari siku nzima.

Jumatano, 10 Agosti. Kaptama.

Tumeondoka. Wilkista katikati, mimi dirishani, Mukhisa nyuma juu ya magunia matupu akiimba. Kabla ya Saboti tulikuta kizuizi cha askari. Askari mmoja alipanda nyuma, akachoma magunia kwa rungu, akauliza kama tumeficha Mkikuyu. Baba akamwonyesha karatasi ya Bwana. Askari akamwinamia Wilkista. "Wewe unaitwa nani?" Wilkista akamwambia jina lake, la Baba, la Mama, na kwamba Mama amekufa. Askari akatupungia mkono tupite.

Baada ya hapo ni kupanda tu. Barabara ni tope jekundu na upande mmoja hakuna kitu. Baba alifunga minyororo magurudumuni. Mara tatu tulishuka kusukuma, mimi na Mukhisa, tope likatufika mapajani. Mahali pamoja mawingu yalifunguka tukaiona nchi yote ya Kitale chini, mashamba ya Wazungu yamepangwa mraba mraba. Wilkista akasema ni kama blanketi la viraka. Nikasema ndiyo. Niliona ni pazuri. Nilijua ni pazuri namna unavyojua maji ni maji, basi, hakuna kilichonigusa.

Baba hakusema neno njia nzima isipokuwa "Sukumeni" na "Pandeni".

Alhamisi, 11 Agosti. Kapsokwony.

Tumefika kwa Rotich. Yeye na Baba walipigana Burma pamoja na bado wanaitana kwa namba zao za jeshi. Ni mrefu, anacheka kwa sauti, ana ng'ombe wengi na binti wawili wadogo. Mkewe, Jelimo, alitupa maziwa ya kibuyu yenye majivu. Mukhisa alikunywa vibuyu viwili, mimi nikaogopa rangi yake.

"Huyu kijana iko na mguu ya mlima," Rotich alisema akimshika Mukhisa bega. "Angalia! Si huyu ni Nandi kabisa?"

"Ni Mbukusu," akasema Baba.

"Ah, wewe wachana na hiyo mambo. Hapa tunakula viazi, hatuulizi kabila."

Baba alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Ijumaa, 12 Agosti.

Ukungu. Viazi vinachambuliwa. Mukhisa kaenda machungani.

Jumamosi, 13 Agosti.

Ukungu. Jelimo ameniuliza Mukhisa hulala na mablanketi mangapi, na kama hukojoa kitandani. Nikamwambia aliacha zamani. Nikajiuliza kwa nini anataka kujua.

Jumatatu, 15 Agosti. Chwele.

Nitaandika ilivyokuwa, halafu nitalala.

Asubuhi magunia ya mbegu yalikuwa yamepakiwa. Rotich akamwambia Mukhisa aende na binti zake kuona ndama aliyezaliwa, kule juu kwenye boma la pili. Akaondoka mbio. Mimi nilikuwa nafunga mizigo. Nikaona nguo za Mukhisa hazimo ndani ya sanduku letu. Zilikuwa zimefungwa peke yake kwa shuka la Mama, lile la maua, zimewekwa ndani kwa Jelimo juu ya kitanda.

Nikatoka nje. Baba alikuwa ameshika usukani. Wilkista alikuwa ameshaketi.

"Mukhisa bado," nikasema.

"Panda."

"Baba, Mukhisa yuko juu kwa ndama."

"Nekoye, panda. Atasoma hapa. Rotich atamtunza kama mtoto wake."

Rotich alikuwa amesimama kando. Hakucheka. "Mimi nimesema na baba yako," aliniambia. "Hii mtoto ni yangu sasa. Hatakosa maziwa, hatakosa shule. Wewe usiwe na wasiwasi, dada."

Nikapanda. Hilo ndilo nililofanya, nikapanda. Baba hakuwasha gari. Alitoa breki tu, na kwa kuwa nyumba iko mteremkoni gari likaanza kuteleza lenyewe, bila sauti, magurudumu yakifinya tope. Tulishuka hivyo mpaka chini kabisa kwenye kona ya shule ndipo akawasha injini. Hakutaka Mukhisa asikie. Alipanga. Aliliegesha gari lile likitazama chini tangu siku tuliyofika.

Wilkista akauliza, "Mukhisa atakuja na nini?" Akauliza tena karibu na Kimilili. Baada ya hapo akaacha kuuliza, akashika mkono wangu kwa ule mkono wake wenye kovu.

Nilimtazama Baba pembeni. Shingo yake ni nene na ina mikunjo miwili nyuma. Nikawaza kwamba huyu ni mtu ninayemjua kwa shingo tu. Nilitaka kumchukia, nikatafuta hiyo chuki, nikakuta pale mahali pake hakuna kitu.

Kabla tu ya Chwele springi ya nyuma ikakatika. Mbegu ni nzito. Tuliingia sokoni tukipepesuka.

Jumanne, 16 Agosti. Chwele.

Gari limeegeshwa kwenye duka la mzee Eliakim, pale sokoni. Springi itatoka Bungoma, fundi anasema labda wiki hii, labda ijayo. Baba analala kwenye veranda ya duka. Mimi na Wilkista tuko kwa Kukhu, nyanya yetu aliyemzaa Mama.

Baba hawezi kuja hapa. Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawaketi nyumba moja, hawali mahali pamoja, hawapeani hata mkono. Kwetu Wabukusu ni heshima, na ni heshima isiyo na mchezo. Kama babu angekuwa hai Baba angepokewa kwake. Kama mjomba angekuwepo angelala kwa mjomba, lakini mjomba yuko reli, Nakuru, na hajajenga. Boma lina nyumba moja tu, ya Kukhu. Basi Baba anakuja mpaka ng'ambo ya ua wa minyaa, anasimama barabarani, anakohoa. Kukhu akisikia kikohozi anaingia jikoni. Mimi natumwa.

Leo nimepeleka hivi. Kutoka kwa Baba: pole nyingi, na kwamba daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Kutoka kwa Kukhu: amesikia, Mungu ndiye ajuaye, na je, baba yenu amekula?

Jumatano, 17 Agosti.

Mvua. Baba: anasalimia. Kukhu: naye anasalimia.

Alhamisi, 18 Agosti.

Kichekesho cha leo. Kukhu alitaka kwenda mtoni. Alimtuma Wilkista achungulie kama Baba yuko njiani. Baba naye alikuwa anakuja, akamwona Wilkista, akajua, akajitupa ndani ya mahindi ya jirani. Kukhu akapita na mtungi, kichwa ameinamisha upande wa pili. Alipofika mbali Baba akatoka na majani nyweleni. Watu wazima wawili wanacheza mchezo wa kujificha. Wilkista alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitabasamu kwa kuwa yeye anacheka.

Ijumaa, 19 Agosti.

Kukhu ameniuliza. Tulikuwa tunapukusa maharagwe.

"Mukhisa yuko wapi?"

"Kapsokwony. Kwa rafiki ya Baba."

"Anatembea?"

"Ameachwa, Kukhu."

Aliendelea kupukusa. Maganda yake huanguka upande mmoja, maharagwe upande mwingine, hatazami. "Nenda ukamwulize baba yenu mtoto wa binti yangu amelala wapi."

Nikaenda barabarani, nikamwuliza. Baba akavua kofia. "Mwambie yuko mahali pazuri. Kuna maziwa."

Nikarudi nikasema yuko mahali pazuri, kuna maziwa.

"Hata mimi nina ng'ombe," akasema Kukhu. Nikainuka nimpelekee Baba hilo, akanishika gauni. "Hilo si la kupeleka. Nimejiambia mwenyewe."

Jumamosi, 20 Agosti.

Mvua siku nzima. Springi bado.

Jumapili, 21 Agosti.

Nimeanza kuona kitu. Kukhu anawataka watoto, naye hawezi kusema. Mama mkwe hamwombi mkwewe. Akifanya hivyo ni kama anamwambia, umeshindwa kuitunza nyumba, nirudishie damu yangu. Baba naye hawezi kumwomba mama mkwe amlelee watoto, maana ni kama kumvulia nguo mbele ya macho yake. Kwa hiyo wananituma na salamu. Leo nimepeleka kwamba mvua ni nyingi, nikarudisha kwamba kweli ni nyingi. Wote wawili wanaiona. Imewanyeshea wote wawili.

Jumatatu, 22 Agosti.

Springi imefika. Fundi ataifunga kesho.

Jumanne, 23 Agosti.

Nilikwenda dukani kwa Eliakim kumpelekea Baba viazi vya kuchemsha. Hakuwepo, alikuwa kwa fundi. Sanduku letu lilikuwa verandani, wazi. Nguo zangu zilikuwa ndani. Nguo za Wilkista zilikuwa zimefungwa peke yake, kwa kanga ya Mama ya kijani, pembeni.

Nikaweka viazi chini. Nikakaa juu ya sanduku. Nilifikiria Senge Sellah, dada ya Baba, ambaye ni mtu mwema na nyumba yake ya bati ni safi. Wilkista hatapigwa kule. Mukhisa hatapigwa Kapsokwony. Na mimi nina kitanda changu bwenini, chenye namba. Kila mtu ana mahali. Sasa likizo ya Desemba nitakwenda wapi? Na Wilkista, miaka mitano, baada ya miaka miwili atamjua Mukhisa? Mimi mwenyewe sauti ya Mama imeanza kunipotea, nakumbuka maneno tu.

Nikaogopa. Ilikuwa ajabu kuogopa baada ya miezi hii yote.

Baba alikuja akipangusa grisi. "Mwambie nyanya yenu kesho tunaenda Bungoma. Mwambie asante kwa kila kitu."

"Ndiyo, Baba."

Njiani nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Nilipofika kwa ua sikuwa nayo tena.

Kukhu alikuwa anawasha moto. "Baba yenu anasemaje?"

"Anasema ameshindwa," nikasema. "Anasema, Mama, nakuomba watoto wakae kwako. Wote watatu. Anasema atakwenda kumchukua Mukhisa ukikubali."

Kukhu alipuliza moto mpaka ukashika. Akajipangusa macho, moshi ulikuwa mwingi. "Amesema yeye?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Amesema 'nakuomba'?"

"Ndiyo."

"Mwambie alete watoto." Kisha akasema, "Kimbia basi, mvua inakuja."

Nikakimbia. Baba alikuwa anafunga turubai juu ya magunia. Sikungoja aniulize. "Kukhu anasema anakuomba watoto wa binti yake. Wote. Anasema usimpeleke Wilkista popote, na umrudishe Mukhisa."

Baba aliacha kufunga. "Ameniomba?"

"Amekuomba."

"Amesema hivyo, kwa mdomo wake."

"Ndiyo, Baba."

Alitazama mlima. Haukuonekana, ulikuwa wote ndani ya wingu. Alikaa hivyo mpaka matone ya kwanza yakaanza kupiga turubai, na mzee Eliakim akaita kutoka ndani, "Wabwile, ingia bana, utaroa!" Baba hakuingia. Alifungua turubai, akaanza kushusha magunia ya Bwana verandani, moja moja, gari liwe jepesi. Asubuhi anapanda Kapsokwony.

Nimesema uongo mara mbili kwa siku moja na sijutii hata kidogo. Naandika hapa ili mwalimu asome akitaka.

Jumatano, 24 Agosti.

Mvua. Hajarudi.

Alhamisi, 25 Agosti.

Amerudi na Mukhisa. Jelimo amemfungia kibuyu cha maziwa, na Rotich ametuma kwamba hana kinyongo, ila binti zake wanalia. Mukhisa amekonda kidogo usoni, au nilimsahau. Wilkista alimrukia wakaanguka wote topeni.

Alishuka garini bila kumtazama Baba. Baba akamnyooshea shuka la maua lenye nguo zake. Mukhisa akalichukua kwa mkono mmoja, akapita ua, akaenda. Baadaye nilimkuta nyuma ya ghala anakata kuni ambazo hakuna aliyemtuma kukata.

"Nilisikia gari pale kwa kona," akaniambia. "Nilikimbia. Nilidhani mmesahau mimi."

Nikamshikia kuni.

Jumamosi, 27 Agosti. Bungoma.

Nimekuja na Baba kumwarifu Senge. Alikuwa ameshatengeneza kitanda kidogo, na juu yake godoro la majani makavu, jipya, bado linanukia. Senge hana watoto. Nilipomweleza aliketi juu ya kitanda kile, akawa anakipapasa.

"Haya. Kwa Kukhu ni kuzuri," akasema. "Mimi nilimwambia baba yako, lete mtoto, na wewe kila mwisho wa mwezi uje hapa, ulale, ukae na yeye. Kapsokwony vilevile, si angekuwa anaenda kwa Rotich wakati anataka?" Akamgeukia Baba. "Sasa kule Chwele utalala wapi, Wabwile?"

Baba alisema gari liko sawa, tuondoke kabla ya mvua.

Mimi ni Mbukusu. Nimezaliwa katika jambo hili, nimelieleza kwenye kurasa hizi mwenyewe, nimelicheka. Na sikulifikiria mpaka mwisho. Nyumba moja tu duniani ingetuweka sisi watatu pamoja, na ni nyumba hiyo hiyo ambayo Baba hawezi kukanyaga mlango wake. Ndiyo sababu hakuomba. Haikuwa kiburi. Alitugawa mahali ambapo yeye angeweza kuketi.

Njia yote ya kurudi nilitaka kumwambia. Niliiangalia ile shingo. Nikasema, "Baba, kifungo chako cha shati nitakishona." Akasema, "Sawa."

Jumapili, 28 Agosti. Chwele.

Baba amerudi Kitale na mbegu za Bwana. Alikohoa barabarani. Kukhu akaingia jikoni. Wilkista akaenda kumuaga, Mukhisa alikuwa mtoni.

Jumatatu, 29 Agosti.

Palizi.

Jumanne, 30 Agosti.

Palizi. Mvua mchana.

Alhamisi, 1 Septemba.

Wilkista ameniuliza Baba ataingia lini ndani. Nikamwambia haingii. "Hata mvua ikinyesha?" Hata mvua ikinyesha. Akafikiri, akasema basi atamjengea nyumba pale barabarani, ndogo, ya mtu mmoja.

Jumatatu, 5 Septemba.

Mukhisa ameandikishwa shule ya hapa. Kukhu alimpeleka mwenyewe na akamwambia mwalimu kwamba kijana huyu ni wake.

Jumanne, 6 Septemba.

Nilimwambia Kukhu nitaacha shule nimsaidie. Alinitazama kana kwamba nimemwambia nitaruka. "Na mimi nitakuwa nafanya nini? Nitakuwa nakutazama wewe? Nenda shule." Hapo ndipo mambo yakaishia. Nilikuwa nimejiandaa kubishana.

Jumamosi, 10 Septemba. Bwenini.

Baba alikuja kunichukua asubuhi. Alisimama barabarani akakohoa. Kukhu alikuwa hajalala vizuri, alikuwa amechinja jogoo kabla jua halijatoka. Mkwe akija hupikiwa kuku. Sisi tulikula mapema, Kukhu akatupakulia ugali wa wimbi na nyama mpaka tukashindwa. Sahani ya Baba aliipanga mwenyewe: paja, kifua, na firigisi juu kabisa, maana firigisi ni ya mwanamume. Akaifunika.

"Mpelekee baba yenu," akasema. "Yule mtu hata chumvi hajui kuomba."

Nilisimama na sahani mkononi nikamtazama. Alikuwa anachokora moto, hakuinua uso. Nikaelewa kwamba alijua tangu jioni ile, na kwamba alisema "alete watoto" akijua.

Baba alikuwa ndani ya gari, mvua ya rasharasha juu ya kioo. Wilkista na Mukhisa walikuja nyuma yangu mpaka uani. Baba akafungua mlango, akaona sahani, akasogea kutoa nafasi.

"Njooni tule," akasema. "Ni nyingi."

"Nimeshiba," akasema Mukhisa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu aliyeshiba, akageuka, akarudi ndani. Wilkista alisita, akatazama huku na huku, kisha akamfuata Mukhisa. Siku hizi popote aendapo Mukhisa naye yupo.

Baba alibaki na sahani magotini. Nilitazama ule mlango aliokuwa ameufungua, na kile kiti chenye nafasi ya watu wengi. Mwezi mzima nilikuwa nahangaika na nani ataachwa, Mukhisa, Wilkista, mimi. Baba sikumweka kwenye hesabu hiyo hata siku moja.

Nikazunguka gari, nikaingia upande wa pili. Baba akamimina maji ya chupa, tukanawa kupitia dirishani.

"Nyanya yako angekufa kabla ya kuniomba kitu," akasema. Alikuwa anamega ugali. "Nilijua siku ile ile."

"Ndiyo, Baba."

"Nilijua, nikaenda kumleta."

"Ndiyo, Baba."

Akavunja firigisi katikati. Nusu akaiweka upande wangu wa sahani. Msichana hapewi firigisi, naye anajua hivyo, na mimi najua.

Nilikuwa nimeshiba mpaka tumbo linauma. Nikala, na machozi yakaanza kutoka, mengi, yakaingia kwenye ugali, sikuweza kuyazuia wala sikutaka. Baba hakuniambia ninyamaze. Alisogeza sahani karibu yangu, tukala mpaka ikaisha.